Nesi wa Nne wa Kwemkole

"Ngoma humpokea mgeni, jirani humkalisha."

Bibi Nakiete aliposema hivyo, wanafunzi wawili wa uuguzi waliokuwa wakimsaidia kumenya ndizi waliacha visu. Wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akawaambia umezaliwa papo hapo milimani, na akawasimulia.

Zahanati ya Kwemkole ilikuwa na nyumba ya nesi, lakini nesi hakai. Ndani ya miaka miwili walikuja watatu. Kila mmoja alipokewa kwa ngoma na mbuzi, na kila mmoja aliomba uhamisho. Wazee walisema ni baridi. Vijana walisema ni mshahara. Namkunda, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, hakutosheka na majibu hayo. Mkamwana wake alikuwa amejifungulia njiani, juu ya machela, wakishuka kwenda hospitali, na mtoto akaponea chupuchupu.

Akafunga safari hadi mjini kumtafuta Minza, nesi wa mwisho kuondoka. Alimkuta wodini.

"Mwanangu, sikuja kukulaumu. Nataka kujua tu. Tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea, mama," alisema Minza. "Nilifanya peke yangu kazi ya watu watatu, nikazoea. Lakini unakumbuka ile wiki zahanati ilipofungwa?"

"Nakumbuka. Tulidhani umesafiri."

"Nilikuwa ndani, nimelala na homa siku nne. Nasikia watu wanabisha hodi, wanasema nesi hayupo, wanaondoka. Sikuwa na nguvu ya kuitika. Hakuna aliyezunguka nyuma kuchungulia dirishani."

Namkunda akainamisha kichwa. Mmoja wa waliobisha hodi alikuwa yeye.

Nesi wa nne alipofika, Namkunda aliomba ngoma ipigwe kidogo tu. Kesho yake asubuhi akaenda kumjulia hali. Keshokutwa akaenda jirani mwingine. Wakamkatia kipande cha shamba. Siku za kliniki akina mama walipokezana kuchota maji na kufagia. Kamati nayo iliandika barua wilayani kuomba nesi wa pili, ikaandika tena na tena, mpaka mwaka wa nne wa nesi huyo akaletwa wa pili.

Siku hiyo Mzee Senzota, mpiga ngoma, alikuwa bado amenuna.

"Namkunda, na huyu naye tumpokee kama mtu anayetoka sokoni?"

"Mzee wangu, wale watatu uliwapigia mpaka ngozi ikapasuka. Wako wapi?"

Mzee alitazama barabarani. Nesi wa nne alikuwa akipanda mlima na mgeni wake, wanawake watatu wamewabebea mizigo, wanabishana nani atampikia mgeni chakula cha kwanza. Mzee akaiweka ngoma chini taratibu, akacheka.

"Kweli," alisema. "Ngoma humpokea mgeni, jirani humkalisha."