Kaburi la Shija na Vijiko vya Mfalme

Hapo zamani, zamani za juzi tu, watu walipokwisha kujaza simu mifukoni na kuisahau aibu nyumbani, palikuwa na mama mmoja wa Tabora aliyeitwa Bi. Nyamizi. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, wote na kazi zao Dar es Salaam: Kalunde, binti wa kwanza, Maganga, wa kati, na Mihayo, kitinda mimba.

Bi. Nyamizi alikuwa na mdogo wake, Shija. Alimbeba mgongoni, akamlea, akamsindikiza stesheni siku alipoondoka kwenda kusomea uhandisi Ulaya, katika mji mdogo kando ya mto Danubi. Shija hakurudi. Aliugua kifua huko huko, akafa, akazikwa na wanafunzi wenzake. Nyumbani walikaa matanga bila maiti, na mama yao akafa akimwita Shija. Tangu hapo Bi. Nyamizi aliwaomba watoto wake kitu kimoja tu: "Nipelekeni nikamwone mdogo wangu kabla miguu haijanikatalia."

Sasa sikilizeni mambo ya watoto hao. Mtu mwenye akili angepanda ndege, akashuka, akaenda makaburini. Wao wapi! Kalunde alikuwa ameona picha za meli za watalii zinazoteremka na mto, watu wamejilaza kwenye viti virefu wakiletewa vinywaji. Akasema, "Meli inasimama kwenye mji ule ule. Mama ataliona kaburi, na sisi tutapumzika kidogo."

Maganga akasema, "Wazo zuri."

Mihayo akasema, "Wazo zuri sana."

Majirani wakaambiwa, "Tunampeleka mama kwa marehemu mjomba." Majirani wakawaombea baraka. Ndiyo hivyo, mtu hubarikiwa hata kwa tamaa yake, mradi aivalishe nguo ya heshima.

La haki tuliseme. Maganga alisafiri mpaka Nzega kumtafuta Mzee Sizya, aliyesoma na Shija na kumzika. Mzee akamweleza: kaburi liko juu ya kilima, nyuma ya kiwanda cha matofali, karibu na lango la chuma. Maganga akayashika maelezo hayo kichwani, akanyamaza nayo. Ndugu zake hawakumuuliza, naye hakuwaambia. Na Bi. Nyamizi mwenyewe alichota udongo kwenye kaburi la mama yao yeye na Shija, akautia kwenye kopo la kahawa, akalifunga kwa kitambaa. "Mama hakumzika mwanawe," alisema. "Basi udongo wake ukamfunike."

Wakapanda meli. Kila jioni abiria waliulizwa kesho yake wakishuka nchi kavu wangependa kutembezwa wapi. Jioni ya kuamkia mji wa Shija, binti mhudumu akaja mezani kwao, anatabasamu, akasema kuna kasri la kifalme, kuna mashamba ya zabibu na kuonja mvinyo, kuna kuendesha baiskeli kando ya mto. Wanachagua nini?

"Anasemaje?" Bi. Nyamizi akauliza. Mihayo akamfasiria.

"Mwambie mimi nachagua kaburi."

Watoto wakacheka. Kalunde akasema, "Mama jamani, kaburi halimo kwenye matembezi ya meli."

"Basi na mimi simo."

Hapo kicheko kikakatika, wakaanza kupanga. Na upangaji wao ulikuwa hivi.

Kalunde akasema, "Kasri ni asubuhi tu. Nitakwenda na mama, naye ajionee. Mchana tunarudi, anakwenda kwa mjomba."

Maganga akasema, "Zabibu ni za kutwa. Lakini njia ya kaburini naijua, nitawaelekeza kwa simu."

Mihayo akasema, "Baiskeli ni asubuhi. Mchana nitamngojea mama gatini, nimpeleke."

Mmeona? Kasri likapata mtu, mvinyo ukapata mtu, baiskeli ikapata mtu. Marehemu akatengewa makombo ya siku.

Kulipokucha Kalunde akampakia mama yake kwenye basi. Mwanamke ametoka Tabora na udongo wa mamaye kwenye mkoba, anakwenda kuoneshwa vijiko vya dhahabu vya mtu asiyemjua! Wakapitishwa chumba hiki, wakapitishwa chumba kile. Kitanda cha mfalme, viatu vya mfalme, beseni la mfalme la kunawia uso.

"Na yeye kaburi lake liko wapi?" Bi. Nyamizi akauliza.

"Mama, hebu tuyaache makaburi kidogo."

Kisha Kalunde akaingia duka la kasri. Akachagua vikombe, akavirudisha, akachagua vingine, vifungwe vizuri visivunjike. Basi zima likamngojea. Walipofika gatini jua lilikuwa limeshainama, na ilibaki saa moja na kitu tu meli ing'oe nanga.

Mihayo alikuwepo. Tusimnyime lake: alisema atangoja, akangoja. Kalunde akamkabidhi mama, akasema, "Mimi miguu imekufa. Nendeni, Maganga atawaambia njia." Akapanda melini na vikombe vyake.

Mihayo akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Maganga alikuwa chini kwenye pishi la mvinyo, glasi mkononi, anacheka na wageni. Koti lake lilining'inia mlangoni, na simu ilikuwa mfukoni mwa koti. Dereva wa teksi akauliza, "Makaburi yapi? Mji huu una makaburi kila upande." Mihayo akapiga simu mara ya tatu, ikakatika.

Angeweza kumwambia mama, "Tulale hapa, meli iende, kesho tutaifuata kwa treni." Lilimjia hilo wazo. Likaja pia wazo la mzigo wake, na la chakula cha jioni. Akamtazama mama yake alivyokumbatia mkoba. Akamshika mkono, akamvusha barabara hadi uani mwa kanisa lililokuwa jirani na gati. Akaona jiwe moja, maandishi yamelika na mvua.

"Mama, ni hapa."

Bi. Nyamizi akapiga magoti. Akafungua kopo, akaumimina udongo wote, akausambaza kwa viganja. Akazungumza na Shija kwa Kinyamwezi, bila haraka: nani amekufa, nani amezaa, ng'ombe wa baba walikwenda wapi, na mama alimwita vipi siku ile ya mwisho. Alipoinuka, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Mihayo akalia, na ikawa kilio cha kweli.

Jioni mezani, meli ikiwa imeshatoka, Maganga akaja macho mekundu na furaha tele, simu hajaitazama, wala hakumbuki kama alielekeza au hakuelekeza. "Shikamoo mama! Kile kilima mlikiwezaje na miguu hiyo?"

"Kilima gani, mwanangu?"

"Cha makaburini. Kule nyuma ya kiwanda cha matofali."

Bi. Nyamizi akamgeukia Mihayo. Mihayo akatazama sahani.

"Mihayo. Nimemwambia nani maneno yale?"

Bi. Nyamizi akaenda dirishani. Taa za mji zilikuwa zimebaki nyuma. Akasimama pale mpaka hazikuonekana, na kopo lilikuwa tupu.

Ndipo watoto wakarukiana.

"Mimi ndiye niliyeandaa safari hii," Kalunde akasema. "Bila mimi mama angefia Tabora bila kuuona hata huo mji. Kosa langu ni kuchelewa. Kuchelewa ni dhambi?"

"Mimi ndiye niliyelitafuta kaburi," Maganga akasema. "Bila mimi hakuna anayejua liko wapi. Kosa langu ni kutosikia simu. Mimi sikumdanganya mtu."

"Mimi ndiye niliyekwenda naye," Mihayo akasema. "Wewe ulimchosha kwa vijiko, wewe ulikaa na njia tumboni ukinywa. Nilimpa mama kitu cha kulilia. Angekuwa na amani mpaka kufa kwake, ungejua kufunga mdomo wako!"

Wakarudi nyumbani hawasemezani. Ukoo ukakaa kikao, wajomba na mashangazi, na kila mmoja wa watatu akarudia maneno yale yale. Wengine wakasema Kalunde, kwa sababu alikula muda. Wengine Maganga, kwa sababu alikuwa na njia akaifungia. Wengine Mihayo, kwa sababu alimpa marehemu mgeni udongo wa mama wa watu. Wakashindwa kukubaliana, wakamwomba Bi. Nyamizi aseme.

Bi. Nyamizi akasema, "Mmoja wao nimeshamsamehe. Wawili bado." Akachukua ungo wake, akarudi kupepeta mchele.

Hajamtaja mpaka leo. Kalunde anatembea kichwa juu, anajua ni yeye. Maganga naye anajua ni yeye. Mihayo anajua ni yeye, na anawahurumia wenzake.

Haya, ninyi mliokaa hapa mnawacheka. Kasri liliula muda, mvinyo uliimeza njia, uongo ukaumwaga udongo. Mngekuwa ninyi Bi. Nyamizi, je, nani alistahili huo msamaha mmoja?