Udongo Mwekundu wa Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mliokaa karibu na chungu, sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani ile wanyama walipooana bila kuulizana kabila, kulikuwa na ngoma ya mavuno. Kila aliyetaka mchumba alijipaka udongo mweupe usoni. Jike akimtaka dume, mweupe. Dume akimtaka jike, mweupe. Udongo mwingine haukuwepo.

Nungunungu, jike mmoja mpole, alijipaka mweupe kila mwaka. Akacheza na madume. Akarudi kwake peke yake, analia. Moyo wake ulivutwa na majike, naye alidhani ni yeye tu duniani. "Labda ninaumwa," alijiambia.

Mwaka mmoja Fuko akachimba, akachimba, akatoa udongo mwekundu. Kanga, ndege mwenye madoadoa, akaruka mbele. "Huu ni wetu! Wa jike apendaye jike, na dume apendaye dume!"

Nungunungu akajipaka. Akainua macho. Lo! Huyu mwekundu, yule mwekundu, hata Ngiri na ubabe wake wote, mwekundu! "Kumbe tupo!" Akacheka mpaka miiba ikagongana, cha-cha-cha! Hakuwahi kufurahi hivyo.

Wekundu wakapata pembe yao ya kuchezea uwanjani. Kanga akajifanya bawabu.

Msimu uliofuata akaja Digidigi, jike mgeni, uso hauna udongo. Nungunungu akampenda pale pale. Digidigi naye akampenda.

Kanga akawazuia. "Hapa hapiti mtu bila rangi. Mweupe au mwekundu?"

"Zamani nilimpenda dume, nikampenda kweli," Digidigi akasema. "Sasa nampenda huyu. Rangi yangu siijui."

"Basi hujijui wewe! Nungunungu, mwache, au toka naye."

Digidigi akageuka, akashika njia ya kutoka uwanjani. Nungunungu akaumia sana. Huku wenzake aliowakosa miaka yote. Kule mpenzi wake anaondoka.

Ngoma ikalia: ndi! ndi! ndi! Kanga akataka kuringa. Kra! Bawa haliinuki. Kra! Shingo haigeuki. Kumbe alijipaka udongo juu ya udongo, mwaka mzima haogi, asije akaambiwa si mwekundu wa kweli. Udongo umekauka kama kigae.

"Jamani, nakufa!"

Wengine wakacheka. Nungunungu hakucheka. Digidigi akasikia kilio, akarudi mbio. Wawili wakambeba Kanga hadi mtoni, chubwi! Wakamsugua polepole. Likatokea doa moja, mawili, kisha tele. Kanga akajitazama majini. "Nilikuwa nimeyasahau haya," akasema kwa aibu.

"Dada," Nungunungu akamwambia, "udongo huu siutupi. Bila huo ningekuwa bado nalia peke yangu. Lakini tuliupaka ili tuonane, hatukuupaka ili tufukuzane."

Kanga akamgeukia Digidigi. "Pita, mdogo wangu. Ukitaka rangi, ile pale. Usipotaka, ngoma ni ile ile."

Wakacheza mpaka vumbi likatimka, Nungunungu na udongo wake mwekundu shavuni, Digidigi na uso wake mtupu. Wakaishi pamoja kwa raha, ila kukumbatiana walijifunza taratibu, maana miiba haijui mpenzi.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: jina la namna unavyopenda ni kama udongo ule, ni jema likikuonyesha wenzako. Likianza kukubana, au ukianza kumzibia nalo mwenzako njia, nenda mtoni ukaoge. Mwenye jina ni mkubwa kuliko jina.

Hadithi yangu nimeiacha hapo ukingoni mwa mto, na Kanga anakausha manyoya.