Mzee Lugendo na Wageni wa Sikioni

Hapo zamani za kale, enzi ambazo mbwa alikuwa na nyumba yake, mke wake na ufunguo wake mfukoni, aliishi mbwa mmoja anaitwa Mzee Lugendo. Alikuwa mkubwa, watoto wangu. Akibweka asubuhi, kuku wa kijiji cha tatu walitaga kabla ya siku zao. Siku moja alipiga chafya, paa la jirani likahamia kwa jirani mwingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa mkubwa, hakuna aliyembishia.

Ila alichojisifia zaidi ni ukarimu. Kwake hakuna mgeni aliyewahi kutoka na njaa. Alilisema hilo kisimani, akalisema sokoni, akalisema hata msibani, mpaka likamfikia Kupe huko majanini.

Kupe ni mdogo kuliko punje ya ulezi, lakini akili anayo. Akapanda taratibu, nyayo, goti, bega, mpaka nyuma ya sikio. Akabisha hodi.

"Karibu, karibu ndani," akasema Mzee Lugendo. "Sijui unatumia chakula gani?"

"Usihangaike, mzee. Mimi nakula kidogo tu, hiki hiki kilichopo."

Mzee akafurahi. Mgeni asiye na makuu!

Sasa mnajua desturi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Mzee Lugendo akachukua jembe, akalinyanyua mpaka sikioni, akamwambia mgeni wake twende shamba.

Kupe akashangaa. Akasema huyo unayemtafuta ameondoka alfajiri, tena amekusifu sana njiani. Yeye ndiyo kwanza anafika, ni mdogo wake, hata miguu haijapoa.

Sasa mbwa gani anaweza kuona sikio lake mwenyewe? Mzee Lugendo aligeuza shingo kulia, sikio likaenda kulia. Akageuka kushoto, nalo likaenda kushoto. Alizunguka pale uani mpaka akaanguka, pu! Akaona aibu, akarudisha jembe, akaanza kuhesabu siku upya.

Ikawa ndiyo mchezo. Kila siku ya tatu anafika mdogo mtu, shemeji mtu, mjomba mtu. Wakajaa masikioni, wakajaa katikati ya vidole, wakajaa mpaka chini ya mkia, mahali ambapo hata mkwe humkaribishi. Mzee anajikuna kru kru kru usiku na mchana, huku anawaambia majirani kwamba nyumba ya mtu mkubwa haikosi watu.

Mkewe, Mama Semeni, alimsihi awatoe. Alimwonyesha mbavu za mzee mwenyewe, zinahesabika kama fito za banda. Mzee akamjibu kwamba kanenepa, ila kanenepa kwa ndani.

Hata siku moja mwizi akaingia bandani. Mzee Lugendo akatoka mbio, hatua moja, mbili, ya tatu miguu ikakataa, akalala chini tii. Mwizi akamruka, akamwambia pole mzee, akaenda zake na jogoo.

Hapo Mama Semeni hakuomba ruhusa. Alikwenda kumwita Nguchiro, bwana josho wa kijiji, yule anayeogesha mifugo dawa ya kupe. Nguchiro ni mwembamba kama mwiko, ila macho yake hayatulii. Akamfunua mzee mdomo.

"Fizi za mbwa mzima ni nyekundu kama tikiti," akasema. "Zako nyeupe kama sembe, mzee wangu. Hao wamekunywa damu yote. Wiki hii ikiisha bila dawa, tunakuzika."

Mzee Lugendo akaogopa. Lakini akafikiria mbwa wa kijiji kizima wakisema Lugendo kafukuza wageni. Akasema bora kaburi kuliko aibu hiyo.

Nguchiro akamwangalia, akajikuna kidevu.

"Sawa, usiwafukuze," akasema kwa sauti ya kuwafikia waliomo masikioni. "Mimi nauliza tu. Muda wote huu, wageni umewapa maji ya kuoga?"

Mzee Lugendo akajipiga paji la uso. Kweli! Mgeni kwanza maji ya kuoga, ndipo mengine. Mkarimu mzima kama yeye, miezi miwili hajawapa hata kopo. Akamshika Nguchiro mkono, akamwomba hilo lisitoke nje ya ua.

Nguchiro hakumpeleka kwenye shimo la kuogeshea ng'ombe, maana dawa yake ni kali. Alichukua pipa lililokatwa nusu, akachanganya dawa kwa kipimo cha mbwa, hakuzidisha hata kifuniko. Akamwonya mzee afumbe macho, na asijilambe mpaka akauke.

Harufu ilipopanda, Kupe akakohoa. "Mzee, usisumbuke. Kwetu hatuna desturi ya kuoga."

Mzee Lugendo akachukia. "Unakataa maji ya mwenyeji wako? Mbele ya mke wangu?"

Kupe akajibana nyuma ya sikio. Amekula kwa desturi miezi miwili, ataikataa vipi leo?

Chubwi! Mzee akaingia. Nguchiro akasugua nyuma ya masikio, katikati ya vidole, na kule chini ya mkia. Kupe wakaanza kudondoka, po, po, po, kama mtama unaomwagika guniani.

Hapo ndipo Mzee Lugendo akawaona kwa mara ya kwanza, wanaelea, wote sura moja, matumbo yamejaa. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuwapo mdogo wala mjomba.

"Nguchiro," akasema, "kumbe kwenye hii nyumba nilikuwa mlo, huku mwenyewe najiita mwenyeji."

Mama Semeni alifagia malazi yote, akachoma majani ya zamani, maana mayai ya kupe hayaogi. Nguchiro akaagiza mzee arudi pipani kila atakapoambiwa, si mpaka aanguke tena. Mwezi ulipoisha fizi zikaiva, na kuku wa kijiji cha tatu wakaanza tena kupata tabu.

Mzee akaenda kisimani kusimulia kwamba ameua maadui elfu themanini kwa kuoga mara moja tu.

"Walikuwa mia tatu," Mama Semeni akasema, anafunga ndoo yake, "na wote ulikuwa unawaita shemeji."

Kisima kizima kikacheka, na Mzee Lugendo akacheka kuwazidi, mpaka akakaa chini.

Basi hapo ndipo ninapoiachia, nanyi ibebeni: mgeni mkaribishe, ila jua kwanza anakula nini.