Mtoto wa Nanzia Aitwe Nani?

Mpo? Kama mpo, acheni kutafuna, maana hadithi hii ni ya kiu. Mama wa hadithi ni mimi mwenyewe, kwa hiyo asije mtu kunisahihisha.

Walikuwako watatu. Nesi Eliapenda wa zahanati yetu, huku tambarare za Upare, alikuwa na pua: harufu akiinusa leo, mwakani anaikumbuka. Jirani yangu Namkunda, mfinyanzi, alikuwa na mikono. Na binti yangu wa kwanza, Naelijwa, alikuwa na sauti. Akiita, hata mbuzi wa jirani wanageuka.

Naelijwa alipofika miaka tisa alianza kunywa maji kupita kiasi. Anakunywa, anakonda, anakojoa kitandani. Mtoto mkubwa! Namkunda akaniambia, "Mnyime maji, shoga, atakoma." Nikaificha kata ya kuchotea. Nesi naye alikuwa na foleni ndefu. Alimtazama upesi upesi, akasema malaria, akatupatia vidonge. Ijumaa moja adhuhuri Naelijwa akasema, "Mama, nipe maji." Nikamwambia asubiri. Jua halijashuka, mwanangu amekufa.

Tangu hapo, jua likiwa utosini, nilikuwa nasikia kata ikigonga mtungi. Nikienda kutazama, hakuna mtu.

Miaka minne ikapita. Mdogo wake, Nanzia, naye akaanza kunywa.

Niliinuka kwenda kuificha kata. Ndiyo, tena! Mnanitazama nini? Nanzia yuko shuleni, nyumba tupu. Kata ikagonga mtungi mara tatu, na sauti ninayoijua ikasema, "Mama, nipe maji." Haki ya Mungu, nilikimbia bila viatu hadi shuleni, nikamtoa mtoto darasani, nikampeleka zahanati. Hiyo ni kazi ya Naelijwa.

Zahanati, vijikaratasi vya kupimia sukari vilikuwa vimeisha tangu Pasaka. Nesi angeweza kusema malaria tena, nani angemuuliza? Akainama, akanusa pumzi ya mtoto. Ilinuka ndizi zilizoiva mno. Machozi yakamlengalenga.

"Mama Naelijwa," akasema, "harufu hii niliisikia kwa yule wa kwanza. Sikuijua. Nilikuja kuisoma baadaye."

Akafunga zahanati, watu wakilalamika, akampakia Nanzia kwenye pikipiki ya mumewe hadi hospitali ya wilaya. Kisukari, wakasema huko, naye ameshazimia. Siku ya tatu mtoto akafumbua macho. Hiyo ni kazi ya Eliapenda.

Tukarudi na insulini, dawa ya sindano ya kila siku. Joto la kwetu mnalijua, na umeme hatukuwa nao. Chupa ya kwanza ikaharibika, Nanzia akaanza kukonda upya. Namkunda akaja bila kuitwa. Akafinyanga mtungi wa kukaa ndani ya mtungi, akajaza mchanga katikati, akaulowesha maji. Dawa ikakaa baridi. Miaka kumi na tano sasa, asubuhi na jioni, anakuja kuulowesha mwenyewe, na mgongo wenyewe umeshapinda. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Niache. Yule mwingine nilimnyima." Hiyo nayo ni kazi ya Namkunda.

Wiki iliyopita Nanzia amejifungua mtoto wa kike, mzima kabisa. Katika ukoo wetu jina ndiyo shukrani, na mtoto hupewa moja tu.

Namkunda amesema, "Sikuzaa mimi. Nikifa, jina langu nalo basi."

Nesi amesema, "Mkimwita Eliapenda, nitajua mmenisamehe."

Na Naelijwa? Leo adhuhuri, Nanzia akiwa ananyonyesha, kata imegonga. Safari hii hata yeye ameisikia.

"Mama," ameniuliza, "anataka maji, au anataka jina?"

Jina la mtoto niliyemnyima maji, nitaliitaje mara kumi kwa siku? Na nisipoliita, nitaisikia kata hiyo mpaka lini?

Kesho mtoto anatolewa nje, na mwenye kulitamka jina ni mimi. Haya, ninyi mlionyamaza muda wote huu, nisaidieni. Watatu hawa walimwokoa Nanzia, na bila mmoja wao asingekuwepo. Je, wewe ungempa mtoto jina la nani?