Maji Aliyoyameza Saku

Hapo kale, nchi ya Wamarathi, huko Uhindi, ilikuwa imekatwakatwa kwa mawe. Jiwe hili: huku pwani ya Konkan, kule nyanda za juu za Desh. Jiwe lile: huku Desh, kule Varhad kwenye pamba. Kila upande na lahaja yake, wala neno halikuvuka. Aliyeyapanga ni Dhondopant, karani wa mfalme, na lahaja ya kwao, eti kwa bahati tu, aliiandika ya kwanza.

Bibi harusi akiolewa ng'ambo, alisimamishwa kwenye jiwe akasukutua kinywa, akatema. Hapo ndipo alipoiacha lahaja ya mamaye.

Siku ya Saku ilipofika, binti huyo wa Konkan aliyeolewa Desh alisimama na maji mdomoni, akafura. Mume anamtaka, sawa. Lakini nyimbo za mama azitemee vumbini kwa kosa gani? Akameza.

Kesho yake asubuhi alikaa kusaga mtama na mama mkwe wake, Tulsa. Kule wanawake husaga wakiimba. Saku akaimba Kikonkan chake, sauti ikipita puani, na Tulsa akacheka hadi unga ukamwagika.

"We mtoto, hukutema!" Kisha akainama. "Hebu rudia ubeti huo."

Mwezi haukuisha, mtaa mzima ulikuwa ukiimba hivyo, na mabibi harusi wengine nao wakimeza.

Dhondopant akaja mbio na daftari. "Binti, tema, ama urudi kwenu leo hii!"

 Mume wa Saku alikwisha kumpenda, na Tulsa pia. Hata hivyo alijibu.

"Nitarudi, bwana karani. Ila mama mkwe wangu huyu utamwandika upande gani?"

Tulsa akaropoka, nusu Desh, nusu Konkan. Karani akaandika, akafuta. Akaingia nyumba ya pili, ya tatu, ya kumi. Kila jiko na mchanganyiko wake. Wino ukamwishia.

"Sasa jiwe langu nilitie wapi?"

"Lete hapa," Tulsa akasema. "Letu la kusagia limelika."

Wakalichonga, wakasaga, na karani akala mkate wa mtama, akiimba kichinichini. Puani.

Na tangu siku hiyo, Kimarathi hugeuka polepole, kijiji hadi kijiji, bila ukuta. Wasomi wanaozipanga lahaja zake wangali wanagombana mpaka uko wapi. Hawajauona. Uko jikoni kwa Saku, unasaga unga.