Shingo ya Obadia

Mtu mmoja alikuwa na mgongo ambao wenzake wote waliuamini. Jina lake lilikuwa Obadia, baharia katika meli ya kivita ya mfalme mmoja wa Ulaya, karne ya kumi na nane. Msicheke. Nitawaeleza mgongo huo ulikuwa na kazi gani.

Mabaharia wale walikula kwa makundi, watu sita ubao mmoja. Nyama yao ilikuwa ya chumvi, na vipande havikulingana: hiki mnofu, hiki mfupa mtupu. Ili pasiwe na ugomvi, mmoja aliwapa wenzake mgongo. Mwingine aligusa kipande kwa kisu na kuuliza apewe nani. Aliyegeuka alitaja jina bila kuona, na aliyetajwa akapokea alichopata. Ninyi mnaomjua mpakuaji wa arusini, namna upawa wake unavyozama chini ya sufuria akimwona nduguye amefika, mtaelewa kwa nini watu wale waliipenda desturi hiyo. Kwenye ubao wa Obadia, yeye ndiye aliyegeuka siku zote. Aliyeshika kisu alikuwa rafiki yake Gideoni. Mara nyingi Obadia alijitaja mwenyewe akaangukia mfupa. Gideoni alimcheka, kisha akamkatia kidogo kutoka fungu lake.

Nahodha akaja kuivunja desturi ile. Akaanza kugawa mwenyewe, kwa macho makavu. Waliomsifu wakala mnofu, walionung'unika wakachapwa viboko. Ndipo mabaharia wakala njama, na alfajiri moja wakaiteka meli. Kiongozi wao alikuwa seremala wa mle melini. Obadia alijiunga nao kwa moyo wote, maana aliamini wanapigania haki. Gideoni alikataa. Nahodha hakumpenda hata kidogo, lakini alikuwa amemwapia mfalme, na hakutaka kuvunja kiapo.

Nahodha na wote waliokataa uasi waliamriwa kushuka kwenye mashua, waachwe baharini. Maji matamu yalikuwa yamesalia mapipa mawili tu, moja limejaa, jingine limebakiwa na robo. Seremala alitaka kuonyesha kwamba utawala wake ni wa haki, akasema mapipa yagawanywe kwa desturi ya ubaoni. Obadia akageuka. Seremala akaweka mkono juu ya pipa moja, akauliza liwe la nani. Obadia aliogopa kiu. Shingo yake ikazunguka kidogo, kama ya mtu anayejifuta jasho begani, na jicho lake likauona mkono juu ya pipa lililojaa. Akajibu kwamba hilo ni la wanaobaki. Waasi wakashangilia. Gideoni alikuwa ngazini, anashuka kwenda kwenye mashua, naye aliiona shingo ile. Aliendelea kushuka.

Waasi wakafika kwenye kisiwa kisicho na watu, wakaichoma meli ili wasionekane. Siku ya kwanza ya kugawana chakula, Obadia alisimama kuwapa mgongo kama zamani. Hakuna aliyekubali. Kumbe wote waliiona shingo ile, na walioishangilia ndio waliokuwa wa kwanza kuikataa. Tangu hapo kila mtu alichukua kwa mkono wake, na aliyekuwa na nguvu alichukua zaidi. Wakagombania chemchemi, wakagombania mbuzi wa porini, wakachomana visu. Waliosalia walimalizwa na homa. Obadia alimzika wa mwisho, akarudi kibandani, akakuta hakuna hata mtu wa kugombana naye.

Akaishi hivyo mpaka ndevu zikawa nyeupe. Upweke ulimtafuna kuliko njaa. Kila alipopata samaki alimkata vipande viwili, akavipa mgongo, akauliza mwenyewe kwa sauti, na mwenyewe akajibu jina la Gideoni. Kipande kile alikiweka juu ya jiwe. Kaa walikila. Jina lake mwenyewe hakulitaja, na hapakuwa na mwingine wa kulitaja.

Hatimaye meli ikaja kutafuta maji. Mabaharia wakamkuta, wakamhurumia, naye akawadanganya kwamba ni mtu aliyevunjikiwa na chombo. Wakiwa wanachoma nyama walimsimulia habari za dunia, na miongoni mwake uasi wa zamani: nahodha aliyetupwa baharini alifika nchi kavu, lakini nusu ya watu wake walikufa kwa kiu njiani. Majina ya waasi yalijulikana kila bandari, wakasema, na atakayepatikana atanyongwa.

Nyama ikaiva. Wakaipanga juu ya jani, na kipande kimoja cha mgeni. Mmoja akageuka, mwingine akashika kisu. Yakatajwa majina ya wote, kikabaki kipande kimoja. Aliyegeuka akauliza, bila kugeuza uso, mzee amwite nani. Angeweza kusema jina lolote. Majina ya uongo hayana bei. Obadia aliutazama mgongo wa yule mtu usiotikisika, akaona haya kuudanganya.

Akasema, "Mimi ni Obadia, mmoja wa waasi hao. Nilitakiwa nisitazame, nikatazama, na maji tukayachukua sisi."

Kisha yule mtu, akiwa bado amewapa mgongo, akasema: Obadia. Wakampa kipande chake. Kilikuwa mfupa. Aliuguguna akilia, kwa kuwa alikuwa akila na watu, na mmoja wao alikuwa amemwita. Alipomaliza aliuliza habari za Gideoni. Hakuna aliyemjua. Wakamfunga mnyororo, wakampeleka melini, naye hakuwapinga.

Watu huniuliza kama alinyongwa. Mimi nawauliza ninyi, mnaokwenda kesho kugawana shamba la marehemu baba yenu na kuapa kwamba mtagawana kwa haki: ukishawapa ndugu zako mgongo, shingo yako itatulia?