Paa Lililosubiri Rufaa

Bwana mmoja alikuwa na nyumba ya kupangisha, vyumba vinne na ua. Mwaka mmoja halmashauri ikamletea kodi ya jengo iliyo kubwa mno, kana kwamba anamiliki ghorofa. Akakata rufaa. Akaandika barua ndefu kwa mkono wake mwenyewe: choo kinatitia, ukuta una ufa wa kupitisha kidole, paa la chumba cha tatu linavuja. Akaambiwa asubiri, mthamini wa majengo atakuja kujionea.

Akasubiri. Kila akienda ofisini, faili lipo, mthamini ndiye hajapangiwa. Miezi ikafika tisa.

Chumba cha tatu alikaa mama mwenye mtoto mchanga. Masika yalipokaribia, akamwendea mwenye nyumba kumwomba amzibie paa. Mabati mapya yalikuwepo, yameegemea ukuta wa stoo. Lakini mthamini akikuta paa zima, rufaa si itakufa?

“Paa lile halina neno, mama,” akamjibu. “Ni matone tu.”

“Basi karibu ulale kwangu siku moja, baba mwenye nyumba. Ila uje na mwavuli.”

Akacheka, akaenda zake. Mvua ikanyesha. Mtoto akaanza kukohoa, ikawa leo zahanati, kesho zahanati, na mabati yako palepale.

Hatimaye mthamini akaja. Akasimama mlangoni pa chumba cha tatu, akaisoma barua kwa sauti, neno kwa neno, akilinganisha na anachokiona. Mama yule alikuwa ndani, mtoto mgongoni.

“Yote ni kweli,” mthamini akasema. “Rufaa yako imekubaliwa.”

Bwana yule alikuwa ameanza kutabasamu. Mama akamgeukia, wala hakupandisha sauti.

“Kumbe ulikuwa unajua?”



Wapendwa, nani kati yetu hajaandika barua kama ile? Tukipiga magoti tunayataja makosa yetu yote, hata ufa wa kupitisha kidole hatuusahau, maana tunataka kupunguziwa. Tukiinuka, yule tuliyemnyeshea tunamwambia ni matone tu. Mungu anasikia rufaa, wala hacheleweshi. Lakini siku barua zetu zitakaposomwa kwa sauti, huyo tunayemwambia avumilie atakuwa amesimama hapohapo.

Mabati tunayo. Twendeni tukaezeke.